Gunia Limefika, Mboga Iko Wapi?

Leo nataka tukizungumzie chakula cha serikali. Nikisema chakula cha serikali nachukua upana wote: uji wa shuleni, mahindi ya bei nafuu yanayotoka ghala la taifa wakati wa njaa, na zile fedha ambazo kaya maskini hulipwa ili zinunue chakula zenyewe. Swali langu ni moja. Je, misaada hii inaijenga miili ya watu wetu, au inatuliza matumbo tu hadi kesho?

Nianze na Tanzania, mikoa ya Nyanda za Juu Kusini. Mwaka 2022 ulifanyika utafiti wa kitaifa wa afya, na watoto wenye umri chini ya miaka mitano wakapimwa urefu na uzito. Ikaonekana kwamba kati ya kila watoto 100, kama 30 hivi wamedumaa, maana yake ni wafupi kuliko inavyopasa kwa umri wao. Ukimuuliza mtu wa Dar es Salaam akisie mkoa ulioongoza, haraka haraka atakutajia Dodoma au Singida, kule mvua inakopiga chenga. Ulioongoza ni Iringa. Watoto 57 kati ya 100. Nyuma yake Njombe na Rukwa, yote miwili ikiwa na karibu nusu ya watoto waliodumaa.

Iringa, Njombe na Rukwa ndiko mahindi yetu yanakotoka! Huko ndiko malori ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hupanga foleni msimu wa mavuno. Viazi mviringo vya Njombe vinalisha chipsi za mjini mwaka mzima. Watu wa mikoa hiyo ndio hulisha wenye njaa wa mikoa mingine, na watoto wao wenyewe hawarefuki.

Wahudumu wa afya wa huko wameshalieleza jambo hili mara nyingi. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto mchanga anaachwa na dada yake wa miaka minane. Mtoto anakula mara mbili kwa siku, na anachokula ni ugali na mboga ya aina moja, jana na leo na kesho. Maharage yapo, lakini yamevunwa ya kuuzwa. Kuku wapo, lakini wanasubiri mgeni au ada ya shule. Na msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukifika, kuna watoto wanaoonjeshwa ulanzi kabla hawajaonjeshwa yai. Kwa hiyo tumbo limejaa, wala hakuna anayelala njaa. Kilichopungua ni kile kinachokaa kando ya ugali.

Nimeanza na Iringa kwa makusudi, kwa sababu serikali zetu, ya Tanzania na ya Kenya na nyinginezo, zikitamka neno msaada wa chakula huwa zinafikiria nafaka. Tani ngapi, magunia mangapi, malori mangapi. Waziri akisimama bungeni anasoma tani. Sijawahi kusikia waziri akisoma kilo za dagaa.

Mazoea hayo si ya leo. Wenye umri wangu wanakumbuka bulga. Miaka ile ya 1970, shule nyingi zilipikiwa ngano ile ya kupasua iliyotoka Marekani, ina harufu yake ambayo ukiisikia leo utarudi darasa la tatu. Wanakumbuka pia unga wa Yanga, yaani unga wa mahindi ya njano ulioletwa nchi ilipokaukiwa na chakula, watu wakaupa jina la klabu hiyo ya soka kwa ajili ya rangi ya jezi. Watu waliudharau. Walisema ni chakula cha ng'ombe, na kweli kule ulikotoka mahindi ya njano kwa sehemu kubwa hulishwa mifugo. Kenya nao, ukame wa mwaka 1984 ulipowabana, walikula mahindi ya njano kwa manung'uniko yaleyale.

Sasa sikilizeni kichekesho chake. Rangi ile ya njano inatokana na karotenoidi, na sehemu ya karotenoidi hizo mwili huzigeuza kuwa vitamini A, vitamini inayolinda macho na kinga ya mwili. Mahindi yetu meupe, tunayoyaonea fahari, karibu hayana kabisa. Leo hii mabwana shamba na mabibi shamba wanazunguka vijijini kuhimiza viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo katika miaka ile ya dhiki, kwa upande wa vitamini A peke yake, ugali wa aibu ulikuwa na kitu ambacho ugali wa heshima hauna. Hakuna aliyetuambia. Serikali ililipokea gunia, ikaligawa, ikafunga daftari.

Twende Kenya, kwa sababu wenzetu wale wamelijaribu jambo hili la chakula cha shule kwa njia nyingi kuliko sisi, na baadhi ya majaribio yao yalipimwa kwa uangalifu mkubwa.

Mwaka 1979, Rais Daniel arap Moi akiwa bado mgeni Ikulu, alianzisha maziwa ya bure kwa shule za msingi. Maziwa ya Nyayo. Mkenya yeyote aliyesoma miaka ya 1980 atakusimulia ile pakiti ya karatasi yenye umbo la piramidi, mililita 200, unaiuma kona kwa meno, unafyonza. Atakusimulia pia waliotoroka nyumbani kuja shule kwa ajili yake. Kisiasa lilikuwa jambo la werevu, maana mtoto alikunywa sera ya rais mwenyewe. Kilishe nalo halikuwa baya hata kidogo. Lakini mpango uliegemea kiwanda kimoja cha ushirika wa maziwa, KCC, na uchumi ulipoyumba na kiwanda kikaanza kuwalipa wafugaji kwa kuchelewa, maziwa nayo yakawa ya kuchelewa. Katika miaka ya 1990 yakatoweka.

Kando ya maziwa hayo, tangu mwaka 1980, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikuwa likisaidia kulisha shule za maeneo makame ya Kenya. Mwaka 2009 serikali ikaanza kujitwalia mzigo huo kidogo kidogo, kwa kuzipa shule fedha zinunue chakula kwa wakulima na wafanyabiashara wa karibu, na kufikia 2018 ikaubeba wote. Kipimo cha mlo wa mchana kwa mtoto mmoja ndicho hiki: gramu 150 za nafaka, gramu 40 za kunde au maharage, gramu 5 za mafuta, gramu 3 za chumvi yenye madini joto. Basi. Chukua maharage makavu, jaza kiganja chako bila kukifumba, hizo ndizo gramu 40. Mafuta ni kama kijiko kimoja cha chai tu.

Siudharau mlo huo. Mtoto wa Turkana au wa Garissa aliyetoka nyumbani bila kuweka kitu mdomoni, mlo ule unamzuia kuanguka kwenye mstari wa gwaride. Unamleta shuleni. Hilo halina ubishi. Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, watafiti walichukua shule za chekechea 50, 25 zikapewa uji wa asubuhi na 25 zikaendelea kama kawaida. Kwenye uji, mahudhurio yakawa juu kwa karibu asilimia 30 kuliko kwingine. Matokeo ya masomo, hata hivyo, yalipanda pale tu ambapo mwalimu alikuwa na uzoefu wa kutosha. Uji ulimfikisha mtoto mlangoni, na saa ya kuunywa ikala sehemu ya saa ya kusoma. Mwalimu hodari aliimudu hali hiyo, asiye hodari hakuimudu.

Lakini hayo ni mahudhurio. Sisi tunauliza mwili. Na kwa habari ya mwili, jaribio ninalolipenda kuliko yote lilifanyika Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, tarafa ya Kyeni, kuanzia mwaka 1998. Liliongozwa na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, pamoja na Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Walichagua shule 12, wakawachukua watoto wa darasa la kwanza. Chakula cha msingi kilikuwa githeri, yaani makande, mahindi na maharage, kitu ambacho watoto wale walikijua tangu kuzaliwa. Kisha wakazigawa shule katika makundi manne. La kwanza likapewa makande yaliyotiwa nyama ya kusaga. La pili makande na kikombe cha maziwa. La tatu makande yaliyoongezwa mafuta. La nne halikupewa chakula shuleni, ila familia zao zikapewa mbuzi wa maziwa kama shukrani. Hapa kuna ujanja wa kitafiti ambao naomba muushike: yale makundi matatu yaliyolishwa yalipewa nishati sawasawa. Tumbo la mwenye mafuta lilijaa kama la mwenye nyama. Tofauti ilikuwa mboga tu.

Wakawafuatilia kwa miaka miwili hivi. Watoto wote waliolishwa waliongezeka uzito kuliko wasiolishwa. Hapo gunia limefanya kazi yake, tulipe sifa. Lakini waliokula nyama walijenga misuli ya mkono kuliko makundi mengine yote. Kati ya waliokunywa maziwa, wale waliokuwa wafupi tangu mwanzo walirefuka zaidi. Kisha wakawapa mtihani wa picha, ule wa mchoro uliokatwa kipande, mtoto anaambiwa achague kipande kinachofaa kujazia pengo. Mtihani huo hauhitaji kujua Kiingereza wala Kiswahili, unahitaji kufikiri. Kundi la nyama liliwapita wote. Katika hesabu, kundi la nyama na kundi la mafuta yaliwapita wasiolishwa.

Na kuna kipimo kimoja ambacho hunifurahisha kila nikikisimulia. Watafiti walikaa pembeni ya uwanja wa shule wakati wa mapumziko, wakiwa na madaftari yao, wakaandika nani anafanya nini. Nani anakimbia, nani amekaa chini ya mti, nani anaanzisha mchezo na wenzake wakafuata. Watoto wa kundi la nyama walikimbia zaidi, na ndio walioongoza michezo zaidi. Fikirini, wasikilizaji. Vijiko vichache vya nyama ya kusaga kwenye bakuli la makande vimemtoa mtoto chini ya mti na kumfanya nahodha.

Kwa nini? Sehemu ya jibu ni vitamini iitwayo B12, inayohusika na damu na mishipa ya fahamu. Haimo katika mahindi, haimo katika maharage, haimo katika mchicha. Imo katika vyakula vya wanyama: nyama, maziwa, mayai, samaki. Watoto wengi wa Kyeni walikuwa na upungufu wake kabla ya jaribio, na upungufu huo ulishuka kwa waliokula nyama na waliokunywa maziwa. Waliopewa mafuta hawakuona badiliko hilo.

Madini ya chuma yalikuwa na habari nyingine, na habari hiyo ni ya kutupunguzia majigambo. Damu ya watoto haikuonyesha nafuu kubwa ya chuma, hata kwa wala nyama, na watafiti wakanyooshea kidole malaria. Vimelea vya malaria huharibu chembe za damu kwa kasi ambayo bakuli moja la mchana haliwezi kushindana nayo. Ongeza minyoo inayonyonya damu utumboni, ongeza kuhara. Ndiyo maana mpango wa chakula usiofuatana na chandarua, dawa ya minyoo na maji safi unajaza ndoo iliyotoboka.

Chuma cha kwenye maharage na mboga za majani nacho kina visa vyake. Mahindi na maharage yana kitu kiitwacho faiteti, ambacho hukishika chuma na zinki kikavizuia visiingie mwilini. Bibi zetu hawakulijua jina hilo, lakini waliloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji, na kuloweka kunapunguza faiteti. Walikuwa na kimea vilevile. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe ya Tanzania, taasisi iliyoundwa mwaka 1973, waliona katika miaka ya 1980 kwamba ukitia kijiko cha unga wa kimea cha mtama kwenye uji mzito, uji unalegea na kunyweka, kwa hiyo mtoto mwenye tumbo dogo anameza unga mwingi zaidi kwa kikombe kilekile. Na kuna hili ambalo halina gharama yoyote: chai ya rangi ukiinywa pamoja na chakula inafukuza chuma, ndimu ukiikamulia kwenye mboga inakivuta. Jikoni kwenye shule nyingi utakuta maharage yanapikwa bila kulowekwa, kwa sababu mpishi ni mmoja, watoto ni mia saba, na maji yamechotwa kwa baiskeli. Simlaumu mpishi.

Sasa tuje kwenye fedha. Wapo wanaosema, acheni kuwapelekea watu magunia, wapeni pesa, wenyewe wanajua wanachokosa. Tanzania ililijaribu jambo hili kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF. Mwaka 2010, katika vijiji 80 vya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, nusu ya vijiji vilianza kupokea malipo kila miezi miwili, thamani ya dola 12 hadi 36 kulingana na ukubwa wa kaya. Sharti lilikuwa watoto wadogo wapelekwe kliniki, wakubwa waende shule, wazee nao wakapimwe afya. Tathmini ilionyesha siku za kuugua zimepungua, hasa kwa watoto wadogo. Kaya nyingi zaidi zilijiunga na mfuko wa afya ya jamii. Wengine walinunua kuku. Na wengi waliwanunulia watoto viatu.

Viatu! Mtu wa ofisini aliyekuwa akisubiri kuona kilo za nyama kwenye jedwali huenda aliona ni anasa. Lakini mama wa Chamwino anajua kwamba minyoo ya safura huingilia kwenye nyayo. Kumvisha mtoto kiatu ni kuilinda damu yake. Ukiniuliza mimi, hicho ndicho kifungu cha lishe kilichonishangaza kuliko vyote katika ripoti ile, na hakuna mpango wa magunia ambao ungeweza kukinunua.

Hata hivyo pesa nazo zina mipaka. Kenya wana mpango ulioanza kwa kuwalipa watu wa kaunti nne za kaskazini, Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, wanauita wa kuwakinga na njaa. Tathmini ya awamu yake ya kwanza ilikuta umaskini uliokithiri umepungua, lakini hali ya lishe ya watoto haikubadilika kwa kiwango cha kupimika. Mtu aliyewahi kuishi kule hatashangaa. Shilingi elfu mbili na kitu kwa miezi miwili, kaya ina watu wanane, jirani hajaandikwa kwenye orodha na huwezi kumlia chakula machoni pake. Duka liko mbali, na likifikiwa lina unga, sukari na majani ya chai. Ng'ombe yuko malishoni na vijana, maziwa yako huko huko. Pesa imefika, kitu cha kununua hakijafika. Baadaye, wakianzia Kitui, walijaribu kuongeza shilingi 500 kwa mwezi kwa ajili ya mama mjamzito au mtoto mdogo, pamoja na mhudumu wa afya wa kuja nyumbani kuzungumza na mama na baba juu ya kunyonyesha na kulisha. Huo ni mtazamo tofauti kabisa, kwa sababu unamlenga mtoto kabla hajaanza kutembea.

Na hapa ndipo chakula cha shule kinapobanwa. Udumavu huanzia tumboni mwa mama na kukomaa kabla ya siku ya kuzaliwa ya pili. Mtoto anaposimama kwenye foleni ya uji wa shule ana miaka sita au saba. Nyama inaweza kumpa misuli na uchangamfu, tumeona Embu, lakini mifupa yake imekwisha kuandika sehemu kubwa ya historia yake. Je, basi uji wa shule hauna kazi na udumavu? Jibu zuri limetoka India, kwenye mpango wa chakula cha mchana shuleni ambao ndio mkubwa kuliko yote duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwaangalia wanawake waliokula chakula hicho walipokuwa wasichana wa shule. Watoto waliowazaa walikuwa warefu zaidi kuliko watoto wa akina mama ambao hawakukipata. Chakula kilimkuta msichana, kikamweka shuleni miaka mingi zaidi, kikachelewesha ndoa na uzazi, na matokeo yakaonekana kwenye urefu wa kizazi cha pili. Mwanasiasa anayetaka matokeo kabla ya uchaguzi hawezi kulipenda jibu hilo.

Nimetaja uchaguzi, niseme kidogo. Kenya, mwaka 2017, miezi michache kabla ya kura, serikali ilishusha pakiti ya unga ya kilo mbili hadi shilingi 90. Mwaka 2022, wiki chache kabla ya kura, ikashushwa hadi shilingi 100. Mara zote mbili ni unga. Kura ya Agosti haiombwi kwa mayai. Na kura ikipita bei hurudi ilikotoka, kana kwamba njaa nayo ilikuwa mgombea.

Lakini nisiwe mtu wa kulaumu tu. Nairobi, kuanzia mwaka 2023, kaunti imejenga majiko makubwa yanayopika kwa ajili ya shule za umma, mzazi analipa shilingi tano kwa mlo, mtoto anagusisha bangili kwenye mashine na sahani inatoka: wali na ndengu au maharage, na mboga. Bei hiyo haitoshi hata mfuko wa karanga barabarani. Shilingi nyingine zinalipwa na kaunti na wahisani wanaoendesha majiko hayo. Kupikia mahali pamoja kunarahisisha kupima: unajua chumvi iliyoingia, mafuta yaliyoingia, maharage yamelowekwa au la.

Kwetu Tanzania hali ni ya kijiji kwa kijiji. Elimu bila malipo ilipoanza, kwa Waraka namba 5 wa mwaka 2015, ada na michango ya lazima vilifutwa, na wazazi wengi wakaelewa kwamba hata debe la mahindi la mchango wa uji limefutwa. Shule nyingi sufuria zikapoa. Baadaye ikabidi serikali ifafanue kwamba chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni jukumu la mzazi, kwa makubaliano ya kijiji. Ukienda leo shule ambayo kijiji kimekubaliana, saa nne asubuhi utamkuta mwalimu wa zamu na daftari lake karibu na jiko. Kwenye daftari kuna majina, na mbele ya jina kuna alama ya vema kwa aliyeleta debe. Watoto wamepanga foleni na vikombe vya plastiki, vingine vimekatika mikono. Asiye na alama, mwalimu mwenye huruma anamfumbia macho. Mwenye kufuata kikao cha wazazi anamwambia kaa pembeni. Na anayekaa pembeni mara nyingi ndiye yule ambaye nyumbani hakukuwa na debe la kuleta.

Ndani ya kikombe kuna nini? Mahindi, maji, sukari kidogo ikiwepo. Mahindi hayo yamesagwa kwenye mashine ya kijijini, kwa hiyo virutubishi ambavyo sheria inavitaka kwenye unga wa viwandani havimo. Kwa mashine ndogo kuna vifaa vya kuchanganya virutubishi wakati wa kusaga, na vimeshafungwa kwenye mashine kadhaa nchini, lakini mashine za vijijini ni nyingi mno. Tena mahindi hayo yanafaa kuangaliwa kama yalikauka vizuri, maana mwaka 2016, Dodoma na Manyara, sumukuvu kwenye mahindi ya nyumbani iliwafanya watu 68 waugue, na 20 wakafa.

Wakati huohuo, Ziwa Victoria linatoa dagaa kwa maelfu ya tani, na sehemu kubwa ya dagaa hao inakwenda kuwa chakula cha kuku. Dagaa huliwa mzima, na mifupa na kichwa, ana madini ya kalsiamu, ana zinki, ana ile B12 ya Embu. Akikaushwa vizuri hahitaji jokofu, anasafiri kwa basi hadi Njombe. Akisagwa na kutiwa kwenye makande hata mtoto mchaguzi hamwoni. Mimi ningeambiwa nipange chakula cha shule kwa bajeti ya kimaskini, ningepunguza mahindi kidogo, niongeze gunia moja la dagaa wakavu na ndoo ya karanga, na ningemlipa mpishi wa pili ili maharage yalowekwe.

Wakuu wa mikoa ya Tanzania wamesaini mkataba wa lishe, wa kwanza mwaka 2017 na mwingine mwaka 2022, mara hii mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Chini ya mkataba huo halmashauri hutakiwa kutenga walau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Kwa bei ya yai dukani, hayo ni mayai machache tu. Kwa haki ya waliouandika, fedha hizo hazikukusudiwa mayai. Ni za matone ya vitamini A, dawa za minyoo, kupima watoto, kuwafunza wahudumu, na kazi hizo zina maana kubwa, kama tulivyoona kwa viatu vya Chamwino. Lakini yai bado halina kifungu. Anayelipia mahindi yumo kwenye bajeti, anayelipia matone yumo, na anayelipia mboga ya mtoto wa miezi tisa ni mama yake peke yake, akitoka shamba ambalo mazao yake yamekwisha kupakiwa kwenye lori. Kikao cha baraza la madiwani kinachopitisha bajeti hiyo ni cha wazi, mwananchi anaruhusiwa kuingia, kukaa nyuma na kusikiliza kifungu cha lishe kikisomwa.